Kitufe Ulichokataa Kukibonyeza

Bukoba

Kwa jina la Mungu Baba aliyetuumba, la Mwana aliyetukomboa, na la Roho Mtakatifu atuonyaye tunapopotoka.

Kwako mdogo wangu Ambokile,

Nakusalimu kwa amani ya Bwana. Nauliza hali ya afya yako, na ya kile kifua kilichokusumbua tangu masika. Nauliza pia habari za kakao, kama mmepata jua la kuianika, na habari za mpunga wa bondeni. Mimi ni mzima kwa rehema za Mungu, isipokuwa goti. Nimefanyiwa upasuaji, natembea kwa magongo mawili, na daktari amenikataza safari ya basi mpaka mifupa ishikane. Nafundisha nikiwa nimekaa. Huku nako ni nchi ya migomba, na wenyeji wananitunza vizuri, lakini ndizi zao hazijawahi kunifanya nisahau mbalaga, zile ndizi za kupikwa za nyumbani.

Hizo ndizo salamu, na nimezitoa kwa moyo mweupe. Sasa nitasema lililonifanya nishike kalamu. Nimekupigia simu, umeikata mara mbili. Nimekutumia ujumbe, na alama zinanionyesha kwamba umeusoma, wala hukujibu. Kwa hiyo nimempa barua hii muuguzi anayehamia Kyela, na nimemwomba aifikishe kwanza kwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu, ili uifungue mbele yake. Sikufanya hivyo kukuaibisha. Nimefanya hivyo kwa sababu karatasi haikatwi kama simu.

Nina hasira nawe, Ambokile. Nimeomba siku tatu iondoke kabla sijaandika, nayo haikuondoka. Basi nimekubali kuandika nikiwa nayo.

Unajua kwa nini nilileta vile visanduku vitatu vya waifai nilipokuja likizo. Nyumba ya Mama ipo bondeni, nyuma ya mikakao, na simu haishiki pale hata uinyanyue juu ya paa. Kwako barabarani mtandao upo. Fundi alinieleza kwamba visanduku hivi vya bei nafuu hupokezana: cha kwanza kikae kwako kinapopata mtandao, cha pili katikati, cha tatu kwa Mama. Katikati pana nyumba moja tu, ya mwanao Lusajo. Lusajo yuko machimboni Chunya, na mkewe Tusekile alikubali kisanduku kiwekwe ukutani kwake. Kile cha tatu tukakiweka kwa Mama, kwenye rafu iliyo juu ya chungu chake cha udongo kilichofinyangwa Ikombe. Na kila jioni saa kumi na mbili Mama alinisikia, kwa simu niliyomwachia kando ya kitanda, nikimsomea zaburi, tukaomba pamoja, naye akanisahihisha nilipoharakisha. Macho yake yamekwisha, nyonga yake haimruhusu kutoka kitandani, lakini masikio Mungu amemwachia. Kwa miezi minne sikuwahi kukosa jioni hata moja.

Kisha ikaja ile radi. Tusekile akachomoa kisanduku kwenye umeme, kama afanyavyo kila mwenye akili Kyela nzima radi inapoanza. Alipokirudisha, hakikukitambua tena kile cha kwako. Fundi alikwisha kutufundisha la kufanya: abonyeze mtu kitufe cha kisanduku kimoja, na ndani ya dakika mbili mwingine abonyeze cha pili. Vitatambuana. Hakuna zaidi ya hapo.

Leo ni siku ya kumi na tisa.

Dada yetu Atupele, anayemtunza Mama, amenieleza yote kwa kisimu chake kidogo, akiwa amesimama kando ya barabara, mvua ikimnyeshea. Anasema alikuja kwako siku ya pili akabonyeza kitufe, bila kupatana saa na Tusekile, na kwa bahati mbaya mtandao ukakatika kidogo wakati wageni wako wakitazama mpira sebuleni. Naye ananieleza ulivyomwambia mbele ya wageni hao.

"Dada, usiguse tena hicho kitu. Umetuharibia penalti."

"Ni dakika mbili tu, baba. Mama hamsikii kaka."

"Kaka yuko Bukoba anakula ndizi. Hajafa."

Wageni wakacheka. Atupele, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, akachukua fimbo yake akarudi bondeni kwenye matope. Akajaribu kukuomba tena kesho yake, ukamfungia mlango wa sebule.

Nilipokupigia siku ile ulipopokea, ulinijibu kwa desturi. Nayakumbuka maneno yako kwa sababu sijalala vizuri tangu niyasikie.

"Kaka, mkwe ni mkwe. Mimi sionani na mke wa mwanangu, wala siongei naye. Unataka nipangane naye mambo ya vitufe?"

Nikakuuliza, "Na Mama ni nani kwako?"

"Usinihubirie. Wewe ndiye uliyeleta dude lako, ukalifungia kwenye kizimba cha nondo kama mbwa mkali, ukaondoka na ufunguo. Lingekuwa halijafungwa, Atupele angelileta hapa mezani, yakaisha."

Kisha ukakata.

Katika maneno hayo, moja ni kweli, nami nitalijibu kabla ya mengine, maana sitaki kukuhukumu huku nikijificha. Ufunguo ninao mimi. Uko kwenye mfuko wa koti langu hapa ukutani. Niliogopa wezi, nikavifungia visanduku, na kwa kiburi cha mzee anayejiona amepanga vizuri nikausafirisha ufunguo mpaka ng'ambo ya nchi. Tena nitakiri lililo baya zaidi. Siku fundi alipokuwa akifanya kazi ndani ya nyumba ya Tusekile, mimi nilisimama nje, nimeupa ukuta mgongo, nikasemea migomba ili maneno yangu yamfikie fundi bila kumfikia mkwe wetu. Nilijiona mwenye adabu kubwa. Sikujiuliza nani atamsaidia binti yule siku kitu kitakapoharibika, ikiwa wanaume wote wa nyumba hii tumekula kiapo cha kutomwona. Hilo nimelitubu. Ufunguo umo ndani ya bahasha hii. Lakini ufunguo, Ambokile, hauhitajiki ili kubonyeza. Kidole hupita katikati ya nondo. Nilipima mwenyewe.

Sasa nije kwenye desturi. Sikuidharau kamwe, nawe unajua. Nimeilinda hata mbele ya wachungaji vijana walioicheka, nikiwaambia kwamba ni heshima ya kumwachia mke wa mwana nafasi yake. Lakini siku ya kuvuna mpunga nilikuona, wewe na Tusekile, katika jaruba moja. Yeye amejifunika kanga uso mzima, nawe umemgeuzia bega, na magunia yakapita kutoka mikononi mwake mpaka mabegani mwako bila mtu kuona haya. Siku ile ulikuwa na haraka, mawingu yalikuwa juu ya ziwa. Desturi ikapewa likizo mpaka jioni. Leo Mama anahitaji kidole chako, na desturi imerudi kazini ikiwa na nguvu kuliko sheria ya Musa.

Tena hukuombwa kuvunja chochote. Hukuombwa kuingia nyumbani kwa mkweo. Hukuombwa kumtazama, wala kumsemesha. Sikiliza nikueleze jambo ambalo Atupele alikueleza ukalipuuza. Tusekile, kila jioni saa kumi na mbili kamili, humweka mtoto wake chini, anakwenda kwenye kile kizimba, anabonyeza kitufe cha kwake. Taa inapepesa. Anasimama anaitazama. Dakika mbili zinapita, taa inazima. Anamchukua mtoto wake anaendelea na mapishi. Amefanya hivyo siku zote hizi bila kutumwa na mtu, akitumaini kwamba upande wa pili mtu mmoja mzima atakumbuka kubonyeza. Alimtuma Atupele akwambie saa. Nawe ukajibu nini? "Mkwe hawezi kunipangia saa."

Hapo ndipo niliposimama juu ya magongo yangu nikatembea chumbani mpaka goti likavimba. Kumbe si heshima. Ungeogopa kumvunjia heshima, ungebonyeza kimya kimya, naye asingejua hata ni nani aliyebonyeza. Ulichokataa ni kupokea neno lililotoka kwa mwanamke uliyemtolea ng'ombe. Umekiita kiburi chako desturi, ukakivika kanga ya mkweo, ukakikalisha sebuleni mwako chini ya kisanduku cha kwanza chenye taa ya kijani, mkatazama mpira pamoja nacho.

Na kule bondeni je? Mama anaamini nimekufa. Amemwambia Atupele, "Mnanificha. Mtoto yule hakosi saa." Atupele akamwapia kwamba ni radi, ni mashine. Mama akasema, "Radi ilipiga siku moja. Hizi ni siku ngapi?" Jirani mwema alirekodi sauti yangu kwenye simu yake huko juu barabarani, akaishusha mpaka kitandani, akamfungulia. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hata waliokufa wanasikika redioni. Mwambieni anijibu." Tangu Jumapili hali ugali wala mbalaga, anakunywa uji vijiko vitatu na kugeukia ukutani. Ameomba wanawake wa kanisa waje wamwimbie mwanawe nyimbo za maziko. Wale wanawake wamekuja, Ambokile. Wamekaa pale hawajui waimbe au wasiimbe, huku mimi niko hai, na kelele za magoli zinasikika kutoka kwako.

Uliogopa watu wa kijiji chetu cha Ngana watasema nini ukionekana unashughulika na mkweo. Waulize wale wanawake wanasema nini sasa.

Bwana wetu aliwakemea watu wa namna hii kwa ukali zaidi kuliko alivyowakemea makahaba na watoza ushuru: watu walioshika mapokeo ya wanadamu kwa mikono miwili, na amri ya kumheshimu baba na mama wakaiacha ianguke chini. Nimelifundisha somo hilo miaka arobaini. Sikudhani siku moja nitaliandika kwenye bahasha yenye jina la ndugu yangu wa tumbo moja.

Basi haya ndiyo nikuamuruyo, si kama mwalimu, bali kama mkubwa wako uliyebaki naye baada ya baba. Siku utakayoisoma barua hii, waage wageni wako kabla ya saa kumi na mbili. Simama mbele ya kisanduku. Sikilizia saa ifike, na ubonyeze. Upande wa pili utakuwa umekwisha kubonyezwa, hilo sina shaka nalo. Mimi nitakuwa hapa barazani na simu mkononi, kama ninavyokuwa kila jioni, maana nami sijaacha kumpigia Mama hata siku moja. Inaita katika utupu, nami nasoma zaburi hiyohiyo mpaka mwisho kisha nazima. Wanafunzi wanadhani kuna mtu ananisikia.

Kisha, Mama akiisha kunijibu, ufanye la pili, ambalo ni zito zaidi. Mzee wa kanisa anayeisikia barua hii atakusindikiza. Nenda mpaka kwenye mlango wa Tusekile. Usiingie. Piga hodi, na akiwa amejifunika au hajajifunika, mshukuru kwa sauti yako mwenyewe, "Ndaga fijo, mwanangu." Akiogopa kujibu, usingoje jibu. Mimi niliye mkubwa wa nyumba hii namfungulia mkwe wetu kuanzia leo: aonane nasi, aseme nasi, atutaje kwa majina yetu akitaka, asimame mbele yetu kama binti. Nikija kwa goti langu bovu nitaanzia mlangoni kwake, nami nitaingia na kuketi.

Na ikiwa barua hii itafika Mama akiwa ametangulia, usinipigie kunieleza. Bonyeza tu saa kumi na mbili. Nikiona simu ya Mama imerudi mtandaoni na hakuna anayenijibu, nitaelewa, na jambo lililobaki kati yangu nawe litakuwa mbele za Kyala, Mungu wetu, ambaye sitaweza kukuombea Kwake haraka kama ningependa.

Msalimie dada yetu Atupele, aliyebeba nyumba nzima kwa fimbo moja. Mwambie asiende tena barabarani kwenye mvua. Msalimie mwanao Lusajo atakaporudi kutoka machimboni, na umweleze mwenyewe mambo haya, asiyasikie kwa watu. Wasalimie wale wanawake wa kanisa, na uwaombe radhi. Mjukuu wetu mchanga nambariki ingawa sijamwona. Na mama yake, Tusekile, nampa salamu bila kupitia kwa mtu, nikimwita mwenyewe kwa jina lake kwa mara ya kwanza: amani iwe kwako, binti yangu, usiache kubonyeza.

Mwenyezi Mungu asiyechoka kuitika aiangalie nyumba ya Mama kule bondeni, na nyumba ya Lusajo iliyo katikati, na nyumba yako wewe barabarani. Awape mvua kwa kiasi na jua kwa kakao yenu. Auvunje ugumu wako bila kukuvunja wewe. Akubariki mkono, Ambokile, uwe mwepesi. Amina.

Ndimi kaka yako akupendaye, mwenye hasira,
Mwalimu Anyelwisye