Hoteli ya Papa Wilondja na Jua la Ndakala Zetu

Mama,

Najua huko uliko unauliza kama tunakula vizuri. Tunakula. Wadogo zangu wazima, na Baba amerudi kuimba kwaya, ingawa kwaya haikumwomba. Lakini leo nakuandikia habari za jirani yetu Papa Wilondja.

Tangu tukuzike, ameuza mitumbwi yake akapata wazo: hoteli ya ghorofa, etaji tatu, kwenye kiwanja chake cha upande wa ziwa, ukuta wake ukigusana na wetu. Watu wa biro ya mji wetu wa Baraka wakabandika tangazo mlangoni kwake: mwenye kupinga ujenzi aje aseme. Nilipolisoma niligeuka kutazama vitanda ulivyotuachia vya kuanikia ndakala, dagaa wetu wa ziwani, vimelala kwenye jua linalotoka ziwani. Hoteli ile ingelimeza jua la asubuhi lote. Na ndakala mbichi zikikosa jua la asubuhi, Mama, harufu yake unaijua kuliko mimi. Ndizo zinazosomesha wadogo zangu.

Nilikwenda biro peke yangu. Nilianza kuongea vizuri, halafu nikataja jina lako, nikalia. Karani akanipa kiti, akafungua faili. "Dada," akasema kwa upole, "kilio hatuwezi kukiweka mu dosie. Tafuta muntu wa hiyo kazi akusaidie."

Ndivyo nilivyompata Bwana Espoir, arshitekti wa Uvira, mchoraji wa majengo, kijana mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa. Alisoma pulani ya jirani, akapima uwanja, kisha akaomba mianzi. Akaagiza iunganishwe mpaka ifikie urefu wa hoteli, tukaisimamisha kwenye mpaka, tukatandaza juu yake mashuka yetu yote na vitenge vyako, hata kile cha harusi.

"Kivuli nikikichora tu kwa karatasi, watabisha," alisema. "Acha wasimame ndani yake."

Asubuhi mkubwa wa biro alipofika kujionea, kama Bwana Espoir alivyomwomba, mtaa mzima ulikuwa umejaa kwetu. Watu walidhani ni mkutano wa injili. Mama mmoja alikuja na mgonjwa wake, akauliza muhubiri yuko wapi, akaonyeshwa Bwana Espoir. Naye, masikini, akamshika mgonjwa mkono, hakujua afanye nini kingine. Baba naye kuona watu wamejaa akaanzisha wimbo.

Papa Wilondja akaja, akasimama katikati ya kivuli, akajifuta upara. "Muone," akasema, "ninabaletea kivuli ya bure. Hapa Baraka joto iko mingi."

Watu wakacheka, hata mkubwa wa biro. Mimi nikaona tumeshindwa.

Hapo mke wake akaingia na beseni la ndakala kichwani, ametoka ufukweni. Unakumbuka vitanda vyake viko kwetu, tangu ulipompa ile nafasi karibu na jiko. Mumewe alikuwa amesahau, au hakuwahi kujua. Wanaume wa humu wanajua ndakala zikiwa kwenye sahani. Mama Wilondja akatazama vitanda vyangu, akatazama vyake, vyote kivulini.

"We Papa," akasema, hata sauti hakupandisha, "ndakala yangu nitaanika wapi? Ku kichwa yako?"

Papa Wilondja akavaa kofia.

Bwana Espoir hakungoja kicheko kiishe. Akafungua pulani nyingine aliyokuwa ameichora: hoteli isogee ukingo wa barabarani, iwe na etaji moja, wageni waone ziwa na sisi tuone jua. Akaeleza polepole, kwa Kifaransa kwanza, halafu kwa Kiswahili ili Mama Wilondja asikie. Mkubwa wa biro akaichukua. Jibu lilipokuja, pulani ya kwanza ilikuwa imekataliwa, ya pili imekubaliwa. Sasa wanachimba msingi kule barabarani.

Jana tulikuwa tunageuza ndakala na Mama Wilondja, akaiga ulivyokuwa unagombeza kunguru. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ni mara ya kwanza tangu tukuache makaburini Swima. Halafu tukaendelea kugeuza.

Nakuahidi, Mama: ile nafasi uliyompa uwanjani itabaki yake, hata tukigombana. Na tutagombana, maana ameshaanza kusogeza vitanda vyake kidogo kidogo kuja kwangu.

Lala vizuri.

Furaha wako