Printa ya Kaka, Pumzi za Mama

Jumatatu, 4 Machi

Betri imekuja! Kubwa kama sanduku la nguo, ina magurudumu. Kaka kaileta mwenyewe, akapiga nayo picha hata kabla ya kumwamkia Mama. Sasa umeme ukikatika, mashine ya oksijeni haizimi. Machozi yakanitoka. Mama akanikazia macho: "Unalia nini? Aliyeniletea ni mwanangu."

Sawa. Kaka ndiye mtoto aliyemzaa. Mimi ni wa Baba, wa nje — nililetwa humu nikiwa mdogo, na hajapata kusahau. Ila anayemgeuza kitandani ni mimi.

Jumatano, 6 Machi

Kaka kahamishia printa yake hapa nyumbani, chumba cha pili. Ya leza, nzito kama mawe. Ofisini wanamwangalia vibaya, eti anachapa mambo ya nyumbani. Mambo gani? Hakusema.

Asubuhi umeme ukakatika. Yeye huyo, kachomeka printa kwenye betri. Printa ikaunguruma, betri ikalia piii! — kisha kimya. Nikakimbia kwa Mama. Mashine imezima, midomo inageuka rangi, mkono unapapasa shuka. Nikachomoa printa, nikawasha betri upya. Mashine ikarudi.

Kaka mlangoni: amekufa?

Hapana.

Basi acha kupiga kelele.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwita fundi umeme. Kasema printa ya leza ni mlafi: ikianza kupasha moto inavuta umeme kwa pupa, betri inazidiwa, inajizima kujilinda. Printa na mashine ya mgonjwa pamoja — marufuku. Subirini umeme urudi. Kaka alikuwa anaitikia kwa kichwa, macho kwenye simu. Fundi alipotoka tu: mafundi wote waoga.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejua anachochapa.

Karatasi ilikwama, nikaivuta. Picha ya Mama. Chini yake tarehe ya kuzaliwa, kistari, halafu pengo. Ratiba ya mazishi! Na Mama yuko hai, jana tu kanitukana kwa sababu ya chumvi!

Nikamfuata Kaka. Haya hana. Wageni wake ni watu wakubwa, kasema, msiba ukija ghafla ataaibika. Kila kitu tayari. Imebaki tarehe.

Jumapili, 10 Machi

Mama kaiona. Kaka aliisahau kitandani — au aliiacha, Mungu anajua.

Nilidhani atalia. Akaomba miwani! Kasoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Picha hii hapana, nimetoka kama chura. Kaka akacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo, hata mimi.

Kidole kikafika kwenye majina ya watoto.

"Huyu mtoe. Mimi nilizaa mmoja."

Nilikuwa nimeshika beseni la kumwoshea miguu. Kaka naye akajikuna shingo: lakini Mama, ndiye anayekuuguza.

"Basi mwandike kwenye shukrani. Pamoja na hospitali."

Nikamwosha miguu. Kidole kimoja kimoja. Maji yalikuwa ya moto kidogo. Sikuyapoza.

Jumanne, 12 Machi

Umeme hakuna tangu jana jioni. Mama yuko kwenye betri. Kaka yuko kazini, kapiga simu: Mama anataka aone ratiba mpya, kamsumbua kwa simu tangu alfajiri, hebu ichape. Nikamkumbusha maneno ya fundi. Ni ukurasa mmoja tu, kasema, Mama atavumilia. Akakata.

Nikaenda kwa Mama. Nikamweleza taratibu, kama mtoto: nikichapa, mashine yako inazima. Tusubiri umeme. Akavuta pumzi, akacheka ule mkwaruzo wake.

"Uongo. Hutaki tu kujiona umefutwa."

Nikamwambia mara ya pili. Akageukia ukutani.

Haya. Nimekaa chumba cha pili, daftari mapajani. Jina langu nimelifuta kwenye laptopu ya Kaka, kwa mkono wangu. Nimelihamishia kwenye shukrani, chini ya hospitali, kama alivyotaka. Limekaa vizuri. Waya wa printa nimeuchomeka kwenye betri. Swichi bado.

Nasikia mashine yake kupitia ukuta. Fuu. Fuu. Mkono mmoja unaandika, mwingine uko juu ya swichi.

Anagonga ukuta kwa fimbo. "We mtoto wa watu! Chapa! Unangoja nini?"

Anauliza nangoja nini.