Jumuiya Yairuka Nyumba ya Bibi Agnesi

Mpendwa mke wangu, Mama Yohana,

Ningependa kukuandikia habari njema za jumuiya uliyoiacha hapa Kidete, lakini sina, nami sitakudanganya.

Unakumbuka ulivyokuwa mkali, enzi za uenyekiti wako, kuhusu sala ya Jumatano? Kila mwanajumuiya alikuja na mkeka au kigoda chake, na mwenye nyumba hakuruhusiwa kutoa zaidi ya maji ya kunywa. Mama mmoja alipotuchinjia kuku, ulimwambia, "Huyo tutamla siku ya Kipaimara cha mwanao. Leo tumekuja kusali." Alinuna wiki nzima, lakini jirani yake asiye na kuku wala sufuria ya maana alitupokea bila aibu. Mvua ilipoujaza tope ua wa Bibi Agnesi, tulikaa juu ya mataruma ya zamani ya reli mbele ya nyumba yake, nawe ukaanzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, nikashindwa kuufuata. Ulinitazama, ukacheka katikati ya sala.

Sasa zamu ya kupokea sala imegeuka karamu: viti vya kukodi, turubai, chai na vitumbua. Asiyeweza huomba arukwe. Bibi Agnesi, ambaye siku hizi hatoki kitandani, aliomba arukwe, nao wanakamati walikubali upesi kama watu waliotuliwa mzigo.

Nilimwendea Mama Neema, mwenyekiti wa sasa, nikamkuta na wanakamati wenzake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bibi Agnesi mmemwachia nani?"

"Hatujamwacha. Tunamwombea kila siku kwenye grupu. Jana nimetuma sala ya sauti, watu wote wameitikia amina."

"Bibi Agnesi ana simu?"

"Hana. Lakini sala inakwenda juu, Mwalimu. Kwani lazima ipitie kwake?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Sikatai kwamba Mungu anasikia. Nasema Bibi hasikii. Analala akiamini kwamba kanisa limemsahau, na hajakosea.

Jumapili nilitangaza kanisani kwamba Jumatano tutasali kwake. Waliitikia vizuri sana. Siku ilipofika nilifagia ua mwenyewe. Mjukuu wake alikuwa amemfunga kitambaa safi kichwani na kumwegemeza ukutani, kisha akaenda shambani. Tulisubiri mpaka kuku wakaanza kurudi bandani.

"Wako njiani?" Bibi aliniuliza.

Ningeweza kumtajia mvua, au msiba mahali fulani. Nilishindwa.

"Hawaji, Bibi."

Nilidhani atalia. Alinyoosha kitambaa chake, akatazama nje.

"Basi funga mlango, Mwalimu. Majirani wasione kwamba tuko wawili."

Niliufunga, tukasali kwa sauti ya chini. Tangu hapo namwendea kila Jumatano, na kila mara, kabla sijaketi, ananikumbusha mlango.

Nina hasira, Mama Yohana. Nikianza kuwaombea wenzetu, naacha katikati. Wewe ungekwenda nyumba kwa nyumba, ungewasema mpaka waone haya, na kesho yake wangekupenda tena. Mimi nikiwasema, wananiamkia kwa heshima zote na kuendelea na chai yao.

Lala kwa amani huko uliko. Jumatano hii pia nitakwenda, nami nitaufunga mlango kama anavyotaka.

Mumeo,
Baba Yohana