Viini Vinane, Kinachofanya Kazi Kimoja

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na nakuomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu kazi yangu ni kupiga video za harusi na safari hii harusi yenyewe ilikuwa ya mama mkwe wangu, mjane aliyeishi peke yake mpaka akampata fundi saa mmoja mpole wakaamua kuoana, nami kwa kujitia mkwe mwema nikasema video ni zawadi yangu, nikanunua na laptopu mpya ambayo ubongo wake una viini vinane, muuzaji akaniapia kwamba hiyo ni sawa na kompyuta nane ndani ya moja, lakini nilipobonyeza itoe video nzima ikaanza kutambaa kama konokono mjamzito, na ikifika katikati inazidiwa na joto inajizima, tunaanza upya. Nimeilaza kitandani juu ya mto ili itulie, mke wangu kahamia kwenye kochi. Nikaona haitoshi, nikaenda sebuleni nikachukua feni iliyokuwa inampepea mama mkwe, aliyekuja kututembelea, nikamwambia kwa heshima zote, "Mama, nisamehe, mashine ina joto." Akanitazama, akasema, "Na mimi, mwanangu, unaona nina baridi?" Tangu hapo mke wangu anazungumza nami kupitia mtoto.

Kibaya zaidi, fundi saa ana dada yake mkubwa ambaye hakuweza kuja harusini kwa sababu macho yanamfifia, na wiki ijayo anafanyiwa upasuaji ambao hata daktari hajaahidi kitu. Kila siku dada huyo ananipigia, "Baba, ile harusi bado?" nami namjibu iko jikoni. Mke wangu anasema niitoe hivyo hivyo hata ikiwa mbaya, lakini mimi ni mtu wa ubora, nimechagua kila kitu cha juu kabisa, siwezi kutoa kitu kibovu chenye jina langu. Je, niuze hii ninunue ya viini kumi na sita, au mke wangu ndiye hanielewi?

Mtu wa Ubora

*

Mtu wa Ubora,

Mkeo anakuelewa vizuri sana, ndiyo maana yuko kwenye kochi. Nilikujibu kwa simu siku ileile, maana macho ya mtu hayasubiri zamu ya gazeti. Hapa narudia kwa faida ya wakaidi wenzako.

Pole, mashine inachosha. Lakini toa hicho kitu kwenye mto. Laptopu inapumua kwa tumbo. Wewe umeiziba pua, ikashikwa na joto, halafu unashangaa inajikokota. Iweke mezani, ichomeke kwenye umeme, na uitoe kwenye hali ya kubana betri. Kisha fungua dirisha linaloonyesha kila kiini kinafanya nini. Nina hakika utakuta kimoja kinatoka jasho na saba viko kibarazani vinapiga soga, kwa sababu programu yako ya kizamani imetoa jembe moja tu. Ingia kwenye mipangilio uiruhusu itumie vyote. Ikikataa, ikate harusi vipande, kiapo, chakula, muziki, uvitoe kwa pamoja, kisha uviunge bila kuvipika upya. Usianze na vipande vinane kwa pupa, kumbukumbu ya mashine itakabwa. Anza na vitatu uone.

Na huo ubora wako ushushe ngazi mbili. Tofauti yake huioni hata wewe mpaka usimamishe picha uikodolee macho. Yaani unamchelewesha mtu anayepoteza macho, kwa ajili ya kitu kisichoonekana. Baba, hebu ona aibu kidogo.

Viini kumi na sita usinunue. Aliyeshindwa kuongoza wanane, ukimwongezea wanane wengine anapata mkutano wa hadhara. Feni irudishe kwa mikono yako, usimtume mtoto, na ukisema "nimekosa" usiweke "lakini" nyuma yake. Mkeo mwombe msamaha kabla hujampa habari za mashine.

Ujumbe wa Mtu wa Ubora ulinifikia ukurasa huu ukielekea mtamboni, nami nauacha ulivyo:

"Mshauri, vilikuwa saba kweli. Nimekata vipande, imekwisha kabla mke wangu hajamaliza kupiga pasi, na sasa ananisemesha mwenyewe, ingawa mengi ni matusi. Tumempelekea shangazi, yule dada wa fundi saa, jana, siku moja kabla ya upasuaji. Alisogeza uso mpaka karibu aguse kioo, akatazama yote, akaomba irudiwe. Tulipomuuliza ameionaje akasema harusi nzuri, mke mzuri, ila bwana harusi amevaa soksi mbili tofauti. Mimi nimeihariri mwezi mzima sijaziona."