Uzi Mwekundu Ndani ya Sidiria

3 Machi

Mpendwa Dada,

Habari za huko, na shemeji mtarajiwa hajambo? Sisi tunaendelea. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa naishia kusema "sawa", na hili si la kusema sawa.

Mama ana kitu kigumu kama punje ya mahindi, ubavuni mwa lile titi alilotengenezewa kwa nyama ya tumbo. Daktari alituchorea nyuma ya bahasha. Alisema huenda ni mafuta yaliyokufa, huwa yanaganda hivyo baada ya upasuaji. Au ile saratani imerudi. Kwa mkono huwezi kujua, na ultrasaundi imetoa kivuli kisichoeleweka. Njia ni mbili: sindano sasa, wachukue kinyama wakapime, au kusubiri miezi mitatu warudie picha. Daktari mwenyewe angechagua sindano.

Mama aliuliza jambo moja tu: "Itaacha shimo?"

"Kidoa kidogo, mama."

"Basi tusubiri."

Nilitaka kusema kitu, nikabaki naangalia viatu vya daktari. Wewe anakusikiliza. Mpigie, tafadhali.

Mdogo wako

18 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mimi mzima, ila shughuli zimenichosha. Nimeongea na Mama, yuko sawa, kacheka mpaka kakohoa. Harusi ni mwezi wa sita. Ikipita, achomwe sindano hata kumi.

Miaka miwili alitembea na pamba kwenye sidiria, kila picha anajificha nyuma ya watu. Leo ana titi, anajishonea gauni la kumkaa mwilini, wewe unataka atobolewe? Daktari mwenyewe kasema kusubiri kunaruhusiwa.

Na udaktari umeanza lini? Mtu unatumwa chumvi, unarudi mikono mitupu kwa sababu dukani kulikuwa na watu! Acha kumpa Mama presha.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Hujambo? La chumvi ni kweli, nilicheka kidogo.

Jana nikifua niliona uzi mwekundu ndani ya sidiria ya Mama, upande ule. Unajua anavyofanya kwa wateja wajawazito anaowashonea: kila wakija kupima nguo, anatia uzi mwekundu pale tumbo lilipofika, ajue nguo aiachie kiasi gani. Amejifanyia hivyo mwenyewe. Duara dogo, nje yake jingine, nje yake la tatu. Anapapasa ukingo wa kile kigumu, kisha anashona.

Niliiweka mezani, kando ya cherehani.

"Umeanza lini kupekua nguo za wakubwa?"

"Nilikuwa nafua, Mama."

"Kinakua taratibu."

"Lakini kinakua."

Akakanyaga cherehani muda mrefu, bila kitambaa. Halafu akasema, "Dada yako ameniomba nisimharibie siku yake. Nimemwahidi."

Hilo hukuniandikia, Dada. Nimekikata kipande chenye uzi, kimo humu kwenye bahasha. Pitisha kidole. Kisha mwondolee Mama hiyo ahadi.

Mdogo wako

20 Mei

Dada,

Natumaini u mzima, maana hukujibu wala hukupiga. Nilipochoka kukungoja nilimwambia Mama mwenyewe, "Twende, au namwambia kila mteja anayeingia hapa." Alinitazama kana kwamba cherehani imeongea. Tukaenda.

Walimtia ganzi, wakaiongoza sindano wakitazama picha. Ililia kama stepla. Shimo lenyewe ni kama umeumwa na mbu. Hilo ndilo lililokuwa likiogopwa.

Majibu yametoka. Si mafuta. Nilimuuliza daktari ingekuwaje tungekubali sindano Machi. Alisema hawezi kujua. Basi na sisi hatutajua kamwe.

Watalitoa titi lote, wiki ile ile ya harusi yako. Mama aliomba waahirishe upasuaji. Nilikataa kwa sauti, mpaka nesi akageuka.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Mama anaendeleaje? Kitambaa kilinifikia. Nilikitia kwenye droo, chini ya kadi za mwaliko, nikijiambia nitakitazama shughuli zikipita. Sasa kadi zimeshatoka, na upande wa shemeji yako hawataki hata kusikia neno kuahirisha. Mwambie Mama alitunze gauni lake, nikija tutapiga picha ya peke yetu.

Usinichukie.

Dada yako

30 Juni

Dada,

Hongera kwa harusi. Nasikia ulipendeza. Mama ametoka hospitali, anakula kidogo, mkono bado hauinuki. Dawa anaanza wiki ijayo.

Aliniambia nilipunguze gauni upande wa kushoto, lilale bapa. Nilifumua, nikashona upya, yeye akinielekeza kutoka kitandani: "Usivute uzi, unakunja kitambaa." Jana alilivaa mbele ya kioo. Alijitazama mbele, akajitazama kwa ubavu, akasema, "Dada yako akija na kamera, nitasimama nyuma yenu."

Kile kitambaa baki nacho.

Mama amesema nikuandikie kwamba hana kinyongo na wewe. Nimeandika kama alivyosema. Hayo ni ya kwake. Ya kwangu bado.

Mtoto wa Mama