Wembe Uliokata Asumini

Ijumaa, Februari 1957. Baada ya alasiri.

Joto limenitia wazimu. Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa chokaa, leso moja tu mwilini, na hata kalamu inateleza mkononi. Kaskazi ya mwaka huu haina adabu. Lakini si joto peke yake lililonikasirisha, na afadhali niandike kabla sijamfokea mtu asiye na kosa.

Nianze na mshipi.

Mimi ni mkunga. Nilisomea Mombasa mwaka mzima, nikarudi kwetu Amu, kisiwani Lamu, na cheti na mkoba mweusi wa ngozi, mzito utadhani nimebeba mawe. Mkoba huo hauingii harusini. Ukionekana nao mlangoni wanawake hushika vifua: unamletea nani mkosi? Ukiuacha nyumbani, uchungu nao haungoji harusi iishe. Kwa hiyo nimejishonea mshipi wa kitambaa cha marekani wenye vifuko sita, naufunga kiunoni ndani ya nguo. Ndani mna wembe mpya katika karatasi yake, uzi uliochemshwa na kufungwa kwenye kitambaa safi, kipande cha sabuni, kibiriti, pini mbili kubwa na kichupa cha iodini.

Wakati wa kusi, kukiwa na baridi, mshipi huo hauna taabu. Unavaa gauni zito, buibui juu, hakuna ajuaye. Wakati wa kaskazi ni adhabu. Marekani inalowa jasho, pini zinachoma, na vifuko vinavimba kama majipu. Na gauni zito nani atalivaa mwezi wa pili? Jana nilikwenda harusini na gauni la melimeli, nguo nyepesi inayoonyesha ndani, kwa sababu jingine lolote ningezimia nalo njiani.

Basi nilipovua buibui ukumbini, mshipi wote ukaonekana.

Wakacheka. Bi Tima, shangazi yake bibi harusi, akaja akanipapasa tumbo mbele ya watu. "Mashaallah, Mwanaesha, hini ni mimba au ni duka?" Nami nikacheka nao. Mwaka wa tatu huu tangu niolewe, sijapata mtoto, na kila mtu mle ukumbini analijua hilo. Nilicheka mpaka mashavu yakaniuma.

Kisha kichupa cha iodini kikavuja. Sijui ni joto lililokilegeza kizibo au ni mkono wa Bi Tima. Doa la kahawia likatambaa kwenye melimeli nyeupe kutoka kiunoni mpaka pajani, na kicheko kikaanza upya. Iodini yote ikaishia kwenye nguo.

Hao hao waliocheka, haikupita nusu saa, wakaanza kupanga foleni.

Mwanaesha, una pini? Kikuba changu cha asumini kinaanguka. Mwanaesha, kibiriti kiko wapi, chetezo cha ubani kimezima. Mwanaesha, mwanangu, kipande cha sabuni tu, mikono imejaa mafuta. Hawakuacha hata uzi. Uzi nilioukoroga kwenye maji ya moto kwa mikono yangu, nikauanika juu ya kitambaa kilichopigwa pasi, ukaenda kutungia asumini.

Mtu atauliza, kwa nini hukukataa? Huyo mtu si mwanamke wa Amu asiye na mtoto. Mwenye watoto sita akinyima pini husemwa ni mchoyo, na yakaisha. Mimi nikinyima pini siku ya harusi ya mtoto wa watu, husemwa nina kijicho. Siku bibi harusi akichelewa kushika mimba, wataikumbuka pini ile. Ndiyo maana nilitoa, nikatoa, huku meno yangu yakisagana.

Mwisho Bi Tima akataka wembe. Makasi yamepotea, asumini zimeshatungwa, nyuzi zinaning'inia.

"Huo si wembe wa nyuzi, Bi Tima. Ni wa kazi yangu."

"Nipa tu, mwanangu. Nitakurudishia sasa hivi. Kwani hapa kuna mtu azaa?"

Nikampa. Naandika neno hilo na mkono unataka kulifuta. Nikaupasua mimi mwenyewe ule upande wa karatasi, nikampa.

Ulikata nyuzi. Ukakata majani ya mkadi ya vikuba. Mmoja akapunguzia kucha za miguu, nilimwona kwa macho yangu. Kisha ukadondoka uani, pale walipokuwa wamefungwa mbuzi asubuhi kabla ya kuchinjwa, ukaokotwa, ukapanguswa kwenye leso, nikarudishiwa kwa asante nyingi. Nikaufutia kitambaa, nikaurudisha kifukoni kwa kukosa pengine pa kuuweka.

Sasa naja kwenye kosa langu, kwa maana mpaka hapa nimewalaumu wengine vizuri sana.

Nyumbani nina wembe mwingine. Nina pakiti nzima sandukuni. Kutoka nyumba ya harusi, Langoni, mpaka kwangu Mkomani, hata ukiamkia kila mtu njiani, ni dakika kumi na tano. Nilisimama, nikaliangalia buibui langu likiwa limetundikwa, nikafikiria jua la saa sita, nikafikiria kuvaa kile kitambaa cheusi juu ya jasho lile, kwenda na kurudi. Nikajiambia nitakwenda jua likipungua.

Nikakaa. Nikala halua.

Zuhura alikuwa amekaa karibu yangu. Zuhura ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, na mimba yake ilibakisha wiki mbili kwa hesabu zangu. Kifungua mimba wake alizaliwa mwaka juzi, mimi nikiwa bado Mombasa. Kitovu chake kilikatwa kwa wembe uliokuwapo nyumbani. Siku ya saba mtoto akaacha kunyonya, siku ya nane taya zikakaza, siku ya kumi wakamzika. Wazee walisema ni nyuni, shetani la ndege linalokamata watoto. Mimi nilijua ni pepopunda, imeingia kitovuni, na nilikuwa nimefundishwa inavyoingia. Nilimweleza Zuhura taratibu, miezi na miezi, huku mama mkwe akinuna, mpaka akakubali kuachana na mkunga wao wa zamani. Nilimwahidi jambo moja tu: safari hii, wembe mpya.

Saa saba akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi katika joto lile.

Uchungu ulikwenda mbio kuliko nilivyowahi kuona. Tulimwingiza chumba kidogo nyuma ya jiko, tukatandika mkeka na leso juu yake, na mama mkwe, Bi Rukia, akamkalia nyuma akamshika mabega. Nikafungua mshipi. Sabuni hamna. Uzi hamna. Kibiriti hamna. Kichupa kitupu. Wembe upo.

Nikatoka mbio jikoni. Sufuria kubwa ya maji ya wali ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutokota. Nikachana ukingo wa leso yangu, nikaufunga na wembe kwenye kitambaa, nikavitumbukiza. Mpishi akapiga kelele, "Hayo mai ya mtele, weye! Una wazimu?" Nikamwambia akiligusa lile fundo nitamtia yeye sufuriani. Watanisema mwezi mzima kwa neno hilo, na waniseme tu.

Niliporudi chumbani kichwa kilikuwa kimeshaonekana. Akazaliwa mwanamume, mkubwa, mrembo, rangi ya buluu. Halii.

"Mwana halii," Bi Rukia akasema. Kisha kwa sauti kubwa, "Mwana halii! Mkate kitovu, umpe pumzi!"

Nikamwita mpishi alete fundo langu upesi. Akalileta likitiririka maji. Vilikuwa havijachemka hata dakika tatu, nami nilifundishwa ishirini. Nikafunga kitovu kwa utepe wa leso, nikashika wembe ule ule uliokata asumini na majani na kucha na kuangukia uani kwa mbuzi, nikakata.

Nikamgeuza, nikamfuta kinywa, nikamsugua mgongo. Akalia.

Vigelegele vikatoka jikoni mpaka ukumbini mpaka barabarani. Bibi harusi mwenyewe, aliyekatazwa kutoka chumbani, alichungulia. Ikawa baraka juu ya baraka, Bi Tima akilia na kusema harusi hii ina heri.

Na niseme kweli hapa, maana nje ya ukurasa huu sijaisema: kumsugua ningeweza bila kukata. Kumfuta kinywa ningeweza bila kukata. Kitovu kinaweza kungoja. Ndivyo nilivyofundishwa, na nilifaulu mtihani wa swali hilo hilo. Lakini nilisikia "mwana halii", na mkono ukafanya ulichoamrishwa.

Zuhura, nywele zimemganda usoni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wembe mpya?"

Nikasema, "Mpya."

Leo asubuhi nimekwenda kumtazama. Mtoto ananyonya vizuri. Hata hivyo siku ya pili haisemi kitu, yule wa kwanza naye alinyonya siku ya pili. Zuhura amekaa kitandani kama malkia, anahadithia kila mgeni anayeingia: wifi yangu ana wembe mpya, unatoka kwenye karatasi yake, hautumiki mara mbili. Wanawake watatu wenye mimba wameniuliza kama nitawazalisha. Bi Rukia, ambaye kwa mwaka mzima hakutaka kusikia habari za mafunzo yangu, alinimiminia kahawa kwa mkono wake. Nikainywa.

Bi Tima naye alikuwapo, ameleta matunda. Alinirudishia pini moja. Ile nyingine, anasema, imepotea katika shughuli.

Nilitaka kumpigia ukelele. Nilitaka kumwambia, mama, ni kwa ajili ya nyuzi zako za asumini. Nikamwangalia tu, anapepea uso kwa upepeo na kusema joto hili litatuua, na nikajua hasira yangu yote kwake ni njia ya kutojitazama mimi. Yeye hajui pepopunda ni nini. Mimi najua. Yeye aliomba wembe. Mimi nilikuwa na mwingine sandukuni, nikaona buibui litanitoa jasho.

Kuna sindano. Daktari wa hospitali anayo, ya kinga, ikidungwa mapema kabla ugonjwa haujaanza. Niliizungusha kichwani usiku kucha. Lakini mtoto mzima anayenyonya, wa siku mbili, hapelekwi kudungwa sindano bila sababu. Mama yake atauliza kwa nini, na bibi yake, na daktari. Jibu ni moja.

Nikilisema, Zuhura hataniamini tena. Wale watatu watarudi kwa mkunga wa zamani, na wembe wake wa siku zote. Bi Rukia atasema alijua tangu mwanzo. Nimejipigia hesabu hiyo tangu alfajiri, na kila nikiipiga inaniambia ninyamaze, nimwombe Mungu, nihesabu siku. Tena inasema kwa sauti ya busara kabisa, kwamba nanyamaza kwa faida ya kina mama wote wa Amu.

Uongo. Nanyamaza kwa sababu naona haya.

Mtoto yule hana siku za kunipa nimalize kuona haya. Kama uchafu umeingia, umeshaingia, na kila saa ninayokaa hapa nikilalamikia joto ni saa ya sindano inayopita. Daktari huwapo mpaka magharibi.

Kesho nitapata sababu nzuri zaidi ya kunyamaza, najijua. Kwa hiyo nafunga daftari. Nimeshalishusha buibui, liko magotini. Nakwenda kwa Zuhura sasa hivi, nimwambie wembe haukuwa mpya, nimbebe mtoto mimi mwenyewe mpaka hospitali, kama bado ataniachia nimshike.