Bibi Asidanganywe Tena

"Kwani huyu mama mkwe ni wako au wangu?" Mama Kwaya alinifokea hivyo asubuhi hii, amevaa sare yake, mtaa mzima ukisikia isipokuwa nyie mliolala.

Baba watoto, chakula kiko kwenye sufuria kubwa. Kipashe moto, usikiunguze.

Bibi wa jirani haoni, lakini masikio anayo. Kila Jumapili mkwewe, huyo huyo Mama Kwaya, humwambia, "Leo hakuna ibada, mama, pumzika," kwa kuwa Bibi anatembea polepole na yeye hataki kuchelewa kwaya. Leo upepo ukaleta nyimbo za ibada ya kwanza hadi dirishani. Nimemkuta kitandani, amevaa nguo za kanisani, analia. Akaniuliza, "Mwanangu, kumbe Mungu hakuhama?"

Na wewe! Jumapili iliyopita alikuuliza kama kengele imelia, ukajibu hujasikia. Eti hutaki ugomvi na majirani. Asiyeona akikuuliza, wewe ndiye macho yake. Ukimdanganya umemsukuma shimoni, halafu jioni unatuongozea sala! Tutaongea.

Nimempeleka ibada ya pili mwenyewe, kwa mwendo wake. Tukirudi atakula hapa. Kiti chako chenye mto leo ni chake, na anayempakulia amtajie kila kilichomo kwenye sahani.

Mama Kwaya akija kumchukua, ~~mfungieni mlango~~ mfungulieni. Kwanza amwambie Bibi ukweli kwa kinywa chake. Akishasema, mwambieni, "Karibu mezani, ule."

Mama watoto wako, bado nimekasirika